Udongo Mmoja, Kazi Tatu: Mwongozo wa Kutumia Mtungi Kando ya Mto Tana

Kama unaishi Garsen, Ngao, Hola au Kipini, maji ya Mto Tana hukufikia yakiwa na shida tatu kwa pamoja: yana tope, yana joto, na huenda yana vijidudu vya maradhi. Udongo wa mfinyanzi uliochomwa unaweza kukusaidia katika shida zote tatu, tena kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu. Lakini udongo huo huo ukiutumia bila kujua unavyofanya kazi utakudanganya. Utakupa maji baridi, maangavu, matamu mdomoni, nawe utamnywesha mtoto wako kipindupindu kwa mkono wako mwenyewe.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali moja. Kabla ya kununua chombo cha udongo, jiulize: nataka vinyweleo vyake vifanye kazi gani? Vinyweleo vinavyopoza maji, vinavyochuja maji na vinavyomwagilia shamba havifanani, hata kama mfinyanzi ni mmoja na udongo umechimbwa shimo moja.

Kinachotokea ndani ya tundu dogo

Chukua kigae cha mtungi uliovunjika, kidondoshee tone la maji. Tone halikai juu, hunywewa papo hapo. Ukuta wa udongo uliochomwa umejaa njia nyembamba zilizoungana, nyingi zikiwa nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Maji yakiwa ndani ya ndoo, uzito wake ndio unaoyatawala. Yakiingia ndani ya njia hizo, mtawala ni ukuta, na mambo matatu hubadilika.

La kwanza ni mvuto. Maji hujishika kwenye udongo na kuyavuta maji yanayofuata nyuma. Katika mrija wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, maji hupanda yenyewe kiasi cha sentimita 30. Mrija ukiwa mwembamba mara kumi zaidi, yanaweza kupanda mita 3. Ndiyo sababu nyumba ya udongo hulowa kuanzia chini, na ndiyo sababu chumvi iliyo chini ya shamba hupanda hadi juu pale ardhi inapomwagiwa maji kupita kiasi.

La pili ni mwendo. Tundu likipungua upana kwa nusu, maji yanayopita humo hupungua mara 16. Kwa hiyo chombo kinachochuja vizuri hakina budi kuwa cha polepole. Muuzaji akikusifia chujio la udongo linalojaza ndoo kwa nusu saa, ama lina ufa ama matundu yake ni makubwa mno.

La tatu ni mpangilio. Kimiminika kilichobanwa hakina uhuru wa kile kilicho wazi. Wanafizikia huliona jambo hili vizuri sana katika fuwele-kimiminika, vitu ambavyo Friedrich Reinitzer alivitambua akiwa Prague mwaka 1888 na ambavyo leo vimo kwenye vioo vya simu na saa nyingi. Molekuli zake ni ndefu na hujipanga zikielekea upande mmoja. Zikifungiwa ndani ya kioo chenye matundu madogo mno, kuta ndizo zinazoziamuru zielekee wapi. Kiwango cha joto ambacho zingebadilika hali huteremka, na badiliko lililokuwa la ghafla huwa la taratibu. Maji yaliyogusana na ukuta wa udongo nayo hushikwa: hayachuruziki na hayakauki upesi. Mtungi unaouona mkavu kwa nje bado una maji ndani ya ukuta wake, na ukiuweka motoni katika hali hiyo maji hayo yatageuka mvuke ghafla na kuupasua.

Udongo wenyewe haujaachwa nyuma. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni vibapa vyembamba mno. Mwaka 1938 mwanakemia Mmarekani Irving Langmuir alieleza jinsi vibapa hivyo, vikiwa ndani ya maji, vinavyoweza kujipanga kwa namna ya fuwele-kimiminika. Mkono wa mfinyanzi hufanya kazi inayokaribia hiyo kila siku: anapoukandamiza ukuta wa chungu, vibapa hulala sambamba na kushikana. Pale ambapo hapakukandamizwa vya kutosha, hasa kitakoni, hulala ovyo, na hapo ndipo chungu hupasuka kinapokauka. Basi ukienda sokoni, kigeuze chungu na uanze kukagua kitako.

Kabla ya yote, ondoa tope

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Mabwawa ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, huzuia sehemu ya udongo unaotoka nyanda za juu. Lakini chini ya mabwawa hayo mto hula kingo zake na kupokea maji ya laga, yaani mito ya msimu, wakati wa mvua, kwa hiyo unapofika Garsen bado ni wa rangi ya chai ya maziwa.

Ukiyamimina maji hayo moja kwa moja katika chombo cha udongo, tope litaziba vinyweleo na chombo kitakufa mapema. Chembe kubwa huzama zenyewe, lakini vibapa vya mfinyanzi huweza kuelea siku nyingi kwa sababu ni vyepesi na kila kimoja kina chaji hasi, kwa hiyo husukumana vikashindwa kushikamana na kuzama. Fuata hatua hizi.

1. Yaache maji yatuame usiku kucha ndani ya ndoo yenye kifuniko. Usiyatikise asubuhi.

2. Mimina maji ya juu taratibu kupitia leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa na kukunjwa mara kadhaa. Leso kuukuu ni bora kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zilizochakaa huziba nafasi kati yake. Usilidharau jambo hili. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria wa maradhi hayo hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Kila baada ya kuchuja, fua leso hiyo na uianike juani hadi ikauke kabisa.

3. Kama maji bado ni ya kahawia, tumia mbegu za mlonge, ambao wengine huuita mzunze. Chagua mbegu zilizokauka mtini, ondoa maganda, twanga hadi ziwe unga, koroga unga huo kwenye kikombe cha maji safi, kisha chuja maziwa yake ndani ya ndoo. Maji yenye tope la wastani yanahitaji mbegu moja kwa kila lita mbili. Yenye tope zito, mbegu moja kwa lita. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika tano, halafu acha saa moja au mbili. Protini ya mlonge ina chaji chanya, nayo huvikusanya vibapa vikawa mabonge yanayozama. Shabu hufanya kazi hiyo hiyo. Maji yaliyotibiwa kwa mlonge yasilale, kwa sababu mabaki ya mbegu huoza.

Maji yakishafika hapa yatakuwa maangavu, lakini bado si salama kunywa. Sasa chagua kazi.

Kazi ya kwanza: kupoza

Mtungi hupoza maji kwa kutoa jasho. Maji hupenya ukutani, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua takriban jouli 2,400. Ili kuteremsha joto la lita 20 kwa nyuzi 8, yatosha kwa hesabu tupu lita 0.3 hivi ziondoke kwa mvuke. Kiutendaji utapoteza zaidi, kwa kuwa hewa ya moto hairuhusu mtungi upumzike.

Jinsi maji yatakavyopoa itategemea ukavu wa hewa kuliko uzuri wa mtungi. Hewa yenye joto la nyuzi 34 na unyevu wa asilimia 40, kama mchana wa kiangazi bara ya Hola na Bura, inaruhusu maji yashuke hadi karibu nyuzi 24. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kama pwani siku za mvua, haiyaruhusu kushuka chini ya nyuzi 27. Hakuna mtungi duniani unaoweza kuvuka mpaka huo. Kwa hiyo ukihamia Kipini kutoka Bura na mtungi wako ukaacha kupoza kama zamani, usimlaumu mfinyanzi.

Kwa kazi hii unahitaji vinyweleo vipana kidogo na ukuta mwembamba. Chagua hivi:

- Chagua gudulia au mtungi usiopakwa rangi wala kung'arishwa kwa nje. Rangi huziba vinyweleo.

- Ugonge kwa kifundo cha kidole. Mlio wa wazi ni dalili ya mtungi mzima. Mlio mfu ni dalili ya ufa au ya udongo usioiva.

- Ujaze maji na uungoje saa chache. Nje panapaswa kuwa na unyevu mwembamba uliotapakaa kila mahali. Ukiona matone yanayochuruzika mahali pamoja, hapo pana ufa. Ukibaki mkavu siku nzima, vinyweleo vimeziba.

- Pendelea mdomo mwembamba wenye kifuniko, na koki chini ikipatikana. Huko Nyanza, miaka ya 2000, wafinyanzi wa kienyeji walishirikiana na miradi ya afya kutengeneza mitungi ya aina hiyo ili mikono na vikombe visiingie majini. Kama huna koki, tumia kata yenye mpini mrefu inayoning'inizwa mahali safi, na usimruhusu mtu achovye kikombe.

Uweke mtungi kivulini, panapopita upepo, juu ya mafiga au kiti cha mbao ili upepo uufikie hata chini. Usiuweke kwenye pembe ya chumba kilichofungwa. Hewa ya humo hujaa mvuke na kazi ikasimama.

Onyo kubwa liko hapa. Mtungi wa kupoza hauui kijidudu chochote. Vinyweleo vyake havikupimwa, na maji unayokunywa hayakupita ukutani hata kidogo: yaliyopita ukutani yamekwenda na upepo, nawe unakunywa yaliyobaki ndani. Yaliyoingia machafu yatatoka machafu, ila baridi. Kwa hiyo tibu maji kwanza, kisha ndiyo uyapoze. Kama unatumia klorini, itie ndani ya mtungi wa plastiki ulio safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au paketi, ngoja dakika 30, halafu mimina kwenye mtungi wa udongo kiasi cha matumizi ya siku hiyo. Udongo hula klorini, kwa hiyo maji yaliyokaa siku mbili ndani ya mtungi hayana tena kinga.

Vinyweleo hivi hivi vya kupoza vinaweza kukuhifadhia mboga. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria alieneza miaka ya 1990 mbinu ya vyungu viwili: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, na kitambaa kilicholowa juu. Nyanya, mchicha na pilipili hudumu siku kadhaa zaidi humo. Usiitegemee kwa chanjo, ambazo nyingi huhitaji nyuzi 2 hadi 8, wala kwa maziwa ya kulaza.

Kazi ya pili: kuchuja

Hapa maji yote unayokunywa lazima yapite ukutani, na kila tundu lina dhamana. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikromita 2 hivi, mikromita ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Tundu likiwa na upana unaokaribia huo, na njia yake ikawa ya kupindapinda, bakteria hukwama au hunata ukutani kabla hajafika nje.

Chungu cha kuchuja tunachokijua leo kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos. Udongo mkavu husagwa, huchekechwa, huchanganywa na vumbi la mbao au pumba za mpunga zilizosagwa kwa kipimo maalumu, hushindiliwa kwenye kalibu na kuchomwa katika joko lenye joto la karibu nyuzi 850 hadi 900. Pumba huungua na kuacha nafasi zake, nazo huungana na vinyweleo vya udongo. Mwishoni hupakwa madini ya fedha ambayo hudhoofisha bakteria. Nchini Kenya vyungu hivyo vimetengenezwa Limuru na Chujio Ceramics. Katika delta ya Tana ambako mpunga hulimwa, pumba si shida kupata. Kinachohitajika ni kipimo, joko lenye joto la uhakika na maabara ya kupima maji yanayotoka. Mfinyanzi asiye na vitu hivyo asiuze chungu chake kama chujio, nawe usikinunue kwa jina hilo.

Ukishakipata, kijaribu kwa njia mbili.

Jaribio la kwanza ni la saa moja. Kiloweshe chungu usiku kucha, kijaze maji hadi ukingoni, kisha pima yaliyotoka kwa saa ya kwanza. Vyungu vizuri vya aina hii hutoa kati ya lita 1 na 3. Zaidi ya hapo sana, kirudishe dukani. Chini ya lita 1, hakitaitosheleza familia.

Jaribio la pili ni la mapovu, na linatumia ule mvuto wa ukuta. Chungu kikiwa kimelowa barabara, kigeuze kifudifudi na ukizamishe polepole ndani ya pipa la maji safi, hewa ikiwa imefungiwa ndani, hadi mdomo wake ufike kina cha sentimita 30. Kinyweleo kidogo kilichojaa maji huyashika maji yake kwa nguvu na kuizuia hewa isitoke. Tundu pana haliwezi kuizuia. Ukiona mkufu wa mapovu ukitoka mahali pamoja, hapo pana ufa, na chungu hicho si chujio. Kukosekana kwa mapovu kunathibitisha tu kwamba hakuna ufa mkubwa, hakuthibitishi kwamba kila kijidudu kitanaswa.

Matumizi ya kila siku ni mepesi. Mwaga maji ya mara mbili au tatu za mwanzo, ambayo huwa na ladha ya udongo. Tia maji yaliyotuama na kupita lesoni. Weka chungu kimejaa, kwa sababu uzito wa maji ndio unaoyasukuma kupita. Mwendo ukipungua, sugua upande wa ndani kwa brashi laini na maji yaliyokwisha kuchujwa, bila sabuni, maana sabuni huingia vinyweleoni na kukaa. Upande wa nje usiushike kwa mikono, kwani yale maji yanayodondoka hayana chujio jingine mbele yake. Ndoo ya kupokea na koki yake zioshwe kila wiki kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yenye klorini. Familia nyingi huchuja maji vizuri kisha huyachafua ndani ya ndoo hiyo.

Kuna vitu viwili ambavyo chungu hiki hakivizuii. Cha kwanza ni virusi, ambavyo ni vidogo kuliko bakteria kwa mbali. Ndiyo maana wakati wa mlipuko wa maradhi, au kukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani, inakubidi uongeze klorini au uchemshe maji hadi yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Cha pili ni vitu vilivyoyeyuka. Katika vijiji vilivyo karibu na bahari kama Ozi, maji ya chumvi hupanda mtoni mto unapopungua, na hakuna chungu kitakachoitoa chumvi hiyo. Itapita pamoja na maji, na nyingine itaganda ukutani na kuviziba vinyweleo. Shida ya namna hii ndiyo iliyomshughulisha Mtanzania Askwar Hilonga wa Arusha, ambako maji mengi yana floridi iliyoyeyuka. Alichanganya chujio la mchanga na vitu vyenye matundu madogo mno vilivyotengenezwa kunasa uchafu wa eneo husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Funzo lake linakuhusu hata kama hutanunua kifaa chake: jua kwanza maji yako yana nini, ndipo uchague tundu.

Kama chujio halijapatikana, jua la Tana linaweza kukufaa. Jaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita moja au mbili, uzilaze kwenye bati juani saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Kupima kama maji ni maangavu vya kutosha, simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti na utazame kupitia mdomo wake. Herufi zisiposomeka, rudi kwenye mlonge.

Kazi ya tatu: kumwagilia

Mtungi uliochakaa, usiofaa tena kwa maji ya kunywa, bado una kazi shambani. Kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi, kilichoandikwa China katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, kinaeleza jinsi ya kuzika vyungu vya maji na kupanda matikiti pembeni yake. Mbinu hiyo inafaa sana kwa bustani ya nyanya, boga au tikiti mbali kidogo na ukingo wa mto.

Ukuta na ardhi hapa huvutana. Ardhi ikikauka, vinyweleo vyake huyavuta maji kutoka mtungini. Ikilowa, mvuto hupungua na mtungi huacha kutoa. Mmea ndio unaopanga kiasi, bila bomba wala saa.

Chagua mtungi wa lita 5 hadi 10 unaotoa jasho vizuri. Chimba shimo lenye upana mara tatu ya mtungi. Changanya udongo uliouchimbua na mboji, na kama ni ule udongo mweusi wa delta unaopasuka kiangazi, ongeza mchanga. Hili ni muhimu: udongo mweusi ukikauka husinyaa na kujitenga na mtungi, na pakiwa na nafasi ya hewa kati yao, mvuto hukatika na mmea hufa huku mtungi umejaa. Shindilia udongo uguse ukuta pande zote, acha shingo sentimita chache juu ya ardhi, jaza maji na ufunike ili mbu wasizae humo. Panda mbegu umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani, na umwagilie kwa mkono hadi mizizi ifike. Baada ya hapo jaza kila unapoona maji yamebaki nusu.

Maji yakiwa na chumvi, utaona mviringo mweupe juu ya ardhi pale unyevu unapoishia. Panda karibu zaidi na mtungi, na mvua zikija acha zilioshe eneo hilo kabla ya kupanda tena.

Kutunza vyombo kwa kufuata mwaka wa Tana

Kiangazi ni msimu wa kupoza. Mara moja kila wiki mwaga maji yote, sugua mtungi nje kwa kumbi la nazi hadi utando wa chumvi na ukungu utoke, kisha uanike juani siku nzima. Kuwa na mitungi miwili ya kupokezana ni afadhali kuliko mmoja mkubwa.

Mvua ni msimu wa kuchuja kwa uangalifu mara mbili. Tope huongezeka, leso hufuliwa kila siku, na chungu cha kuchuja husuguliwa mara nyingi zaidi. Baada ya kukisugua mara kadhaa, rudia jaribio la mapovu, kwa maana kusugua huufanya ukuta uwe mwembamba.

Mafuriko ni jambo jingine kabisa. Waliopitia maji ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 wanajua kwamba mto ukipanda, vyoo na visima hugeuka kitu kimoja. Ukipata onyo la mto kupanda, peleka chungu cha kuchuja mahali pa juu mapema. Kikifunikwa na maji ya mafuriko upande wa nje, usikitumie tena kwa maji ya kunywa. Katika siku hizo chemsha au tia klorini kila tone, hata lililochujwa, mpaka wahudumu wa afya watangaze kwamba hali imetulia.

Agizo la mwisho kwa mwenye nyumba

Weka alama vyombo vyako leo. Mtungi wa kupoza upewe mahali pake, chungu cha kuchuja mahali pake, na mtungi wa shamba usirudi tena jikoni. Mfundishe kila anayechota maji nyumbani, mtoto na mgeni, mpangilio huu kwa kichwa: tuamisha, chuja, tibu, poza, kunywa siku hiyo hiyo. Naye mfinyanzi anayekuuzia, mweleze kazi unayoitaka kabla hajaanza kukanda udongo. Akijua kwamba mtungi ni wa kupoza, ataufanya mwembamba. Akijua ni wa kuzikwa, ataufanya mnene kidogo wenye shingo. Na akiwa mkweli atakwambia kwamba chujio halifanywi kwa kukisia. Mfinyanzi wa namna hiyo mshike na umlipe vizuri, kwa sababu ametanguliza uhai wa watoto wako mbele ya mauzo yake.